Jukwaa la Wanafunzi Tu

Babangu huendesha lori kati ya Houston na Dallas, na wiki nzima sauti yake ni ya simuni: umekula, umeswali, mlango umefunga? Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya nyumbani. Alilala hadi adhuhuri, kisha akawasha televisheni kutazama mpira wa hawa jamaa wa Marekani, ule wa kubebwa mikononi, alioubatiza mieleka ya waliovaa sufuria kichwani. Hapo ndipo alipoongea. Aliongea mpaka mamangu, aliyetoka zamu ya usiku hospitalini, agonge ukuta wa chumbani.

"Mwone huyu! Kamkumbatia mwenzake kama shemeji aliyetoka Maka!"

Mimi nilijibu la kwangu, la kipuuzi zaidi, naye akacheka mpaka chai ikamwagika. Tangu tuhamie mtaa huu wa Gulfton, Houston, hatujawa na mazungumzo mengine ya maana, kama hayo yana maana.

Nilipoanza chuo mwaka huu, ikaja barua pepe: mwanafunzi anayetaka tiketi ya msimu mzima ainunue kabla ya Ijumaa kwisha. Mechi zote za nyumbani ni Jumamosi. Wenzangu wa darasa walishanunua. Mimi huwavunja mbavu kila siku, halafu saa ya chakula nakaa peke yangu na viazi vyangu. Usipokuwa nasi jukwaani, waliniambia, utabaki mgeni mpaka umalize chuo.

Nikamwambia Baba, nikitumai atakataa.

"Nunua mbili," akasema. "Yako na yangu."

"Jukwaa ni la wanafunzi tu, Baba. Getini wanaangalia kadi, ina picha."

"Geti gani lisilo na mtu?"

Kwake yeye hakuna geti. Kuna mtu wa geti, na mtu ana kwao, ana mamake, ana msikiti anaoswali. Viti vya watu wengine vilikuwepo, lakini upande wa pili wa uwanja, angekaa kule kama anayengoja daktari. Ijumaa baada ya swala akampata kijana wa Mombasa anayelinda uwanjani. Akampigia mbele yangu, spika wazi.

"Salaam aleikum, ami."

"Wa aleikum salaam, babangu. Mamako hajambo? Sasa, nitakuja na kijana wangu hapo. Utatupisha."

"Ami, mashine ndiyo inayofungua. Mimi nimesimama pale kama ndoo tu. Mamangu mwenyewe nimeshindwa kumwingiza."

"Hiyo mashine haina mkubwa wake?"

"Anaye, ami. Lakini kwao hatukujui."

Baba akacheka kidogo, akatuma salamu kwa mama wa watu, akakata simu.

"Jiandikishe chuo, Baba," nikasema. "Hesabu nitakufanyia."

Siku nyingine angenijibu, na angenishinda. Akasema, "Nunua wewe, babangu. Mimi nitapumzika."

Nikakaa na simu mkononi mpaka karibu na magharibi. Kisha nikanunua. Nilichoka kula viazi peke yangu.

Siku ya mechi nilisimama katikati ya watu waliojipaka rangi vifua. Jitu moja likaangushwa, nami neno likanitoka kwa Kiswahili, kwa sauti: "Mpeni maji, bwana harusi kazimia!" Jirani yangu akauliza nimesema nini. Nikamtafsiria. Akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mtoto wa mwenye nyumba, akarudi kupiga kelele.

Nyumbani nilikuta televisheni imezimwa. Baba alikuwa sebuleni, chai yake imepoa.

"Nimekutafuta humu. Kila wakionyesha wanafunzi naweka miwani. Wote mmevaa rangi moja."

"Nilikuwa yule mzuri."

"Basi ndiyo maana sikukuona."

Nikangoja aendelee. Akanywa ile chai iliyopoa.

"Jumamosi ijayo mnacheza tena?"

"Tunacheza."

"Haya." Akachukua simu, akampigia mpanga mizigo wa kampuni yao ya malori, akamwambia Jumamosi yuko huru, kama kuna mzigo wa kwenda Fort Worth apewe yeye.