Sukari ya Bi Kaltuma Yapata Mkono Mwingine

MALINDI, 1986. Vikombe vya chai ya asubuhi havijaondolewa nyumbani kwa kina Mastura, mtaa wa Shela, na tayari Bi Kaltuma amechuchumaa mbele ya seredani ya makaa akikoroga sukari. Amekamulia ndimu, ametia maji kidogo, na sasa anaivizia igeuke rangi ya asali. Anadondosha tone ndani ya bakuli la maji, analibonyeza kwa vidole, anatikisa kichwa. Bado.

Mastura anaolewa wiki hii. Leo jioni anatiwa hina, na hina haipakwi juu ya mikono yenye malaika, yaani vile vinyweleo laini vya mwilini, kwa sababu maua hayatoki sawasawa. Kuyatoa malaika hayo ndiyo kazi ya Bi Kaltuma. Mabibi harusi wengi wa Shela, na wengine hadi Mambrui, wamepita mikononi mwake. Ujira wake ni pesa kidogo za chumvi, doti ya kanga na sahani ya pilau. Ukimuuliza anapenda kipi zaidi, atakwambia pilau bila kuona haya.

Katika hoteli za ufukweni kazi hii ina neno lake la Kiingereza, refu, lililoandikwa mlangoni kwa rangi ya dhahabu. Bi Kaltuma alipoelezwa kwamba maana yake ni kuondoa nywele, alicheka sana.

"Nywele zipi sasa?" anauliza. "Kichwa chanyolewa. Nyusi zatindwa. Kwapa lanyonyolewa. Malaika yatolewa. Ukinambia njoo uondoe nywele, nije na kitu gani, wembe, uzi au sufuria?"

Lakini leo kicheko hakidumu. Kifundo cha mkono wake wa kulia kimevimba tangu mwaka jana, na sukari inataka mkono mwepesi. Hana binti wa kumrithisha, na wasichana wa mtaa wanakimbilia wembe.

"Wembe wakata tu," anasema kwa uchungu. "Siku ya tatu mkono wakwaruza kama magamba ya samaki changu. Huyo ni bibi harusi?"

Tegemeo lake ni Kasiva, Mkamba kutoka Kitui, mke wa Musembi anayetunza bustani ya hoteli. Leo Kasiva atamtoa malaika bibi harusi kwa mara ya kwanza, tena peke yake. Nyanyake Mastura akimkataa, hakuna nyumba ya Shela itakayomfungulia mlango, na kazi itaishia kwa Bi Kaltuma.

Walivyojuana ni kichekesho. Kasiva alikuwa jirani mgeni, akaja kumenya vitunguu kwenye harusi moja. Jikoni akaona sufuria ya sukari na ndimu inapoa, akadhani ni kashata iliyosahauliwa. Akaihurumia. Akairudisha motoni, akaitia nazi na iliki, akaikoroga, akaimimina kwenye sinia, ikapelekwa kwa wageni wa bwana harusi. Mzee mmoja alinyamaza muda mrefu hata watu wakahisi ndoa imemchukiza. Kumbe meno yake ya bandia yalikuwa yameshikana.

"Nilitaka kuhama Malindi," anasema Kasiva. "Nikaenda kwa Mama Kaltuma kuomba msamaha, nikamwambia, basi nifundishe, nisirudie."

"Nami nilikuwa nimekasirika kwelikweli," anadakia Bi Kaltuma. "Lakini ile sukari aliikoroga vizuri!"

Sasa sukari imeiva. Kasiva anaikanda viganjani mpaka inakuwa nyeupe, anaingia chumbani, Bi Kaltuma nyuma yake. Mastura yuko mkekani; nyanya ameketi kwenye kitanda cha kamba, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba." Macho yanamhamia Bi Kaltuma. "Na wewe wakaa kitako?"

"Nakaa, mama. Leo ni yeye."

"Mjukuu wangu avutwe malaika na mtu wa bara?"

Mastura ananyoosha mkono. "Nyanya, niache nivutwe. Mpakaji wa hina ashafika."

Kasiva anapaka poda, anatandaza sukari, anavuta. Mastura anakunja uso kisha anacheka. Mvuto wa tatu, mambo yanaharibika: chumba kina joto, viganja vya Kasiva vinatoa jasho, sukari inalegea na kunata. Bi Kaltuma ameificha mikono yake chini ya makalio. Anataka kuruka amsaidie, lakini nyanya akimwona anainuka tu, yote yamekwisha.

Kasiva haombi msaada. Anaiweka sukari, anakwenda mtungini, anaosha mikono kwa maji baridi, anaikausha kwa kanga na kuanza na donge jipya. Havuti kwa pupa. Mkono wa kwanza unakwisha, kisha wa pili, kisha miguu.

Nyanya anajikongoja, anapitisha kiganja juu ya mkono wa mjukuu, kuanzia kiwiko hadi vidoleni, halafu anarudia. Hasifu. Anarudi kitandani.

Ukumbini, Kasiva kando yake, Bi Kaltuma anasimulia ndoto yake: chumba kimoja nyuma ya soko, chenye pazia zito na feni, Kasiva akivuta na yeye akiangalia sukari. Waje wa Shela, waje wa bara, hata wazungu wakitaka.

Sauti ya nyanya inawakatiza kutoka chumbani. "Binamuye Mastura aolewa Mambrui baada ya Idi. Uje umtoe malaika."

"Ntakuja, mama," anajibu Bi Kaltuma.

"Wewe nani kakwambia? Nasema na Kasiva."

Bi Kaltuma anajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika kwa kicheko na machozi pamoja.

"Wallahi," anasema akipata pumzi, "sijapata kufutwa kazi nikafurahi hivi."