Mama Aliipakulia Kompyuta

Usiku ule tulilala watatu nyumbani, lakini mchana wake tulikuwa wanne: mimi Hadija, wadogo zangu Rajabu na Tatu, na fundi Chande, muuza vipuri vya kompyuta vya mtumba hapa Kilosa. Mama hakuwepo. Mama ana miaka sita kaburini, baba tisa, na nyumba naiendesha mimi kwa kuchapa barua na kutoa fotokopi sebuleni.

Kompyuta yetu ilikuwa imekufa ghafla. Nikajua ni pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya mashine, nikanunua nyingine kwa Chande. Akaniuliza, "Nije nikufungie?" Nikamjibu najua. Shule niliiacha kidato cha pili. Kila ninachokijua nimekiokota kwa macho, na sipendi kushikwa mkono. Nikafunga mwenyewe. Nikabonyeza. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Nikafungua na kufunga tena mara nne. Cheusi vilevile. Na humo ndani mlikuwa na ripoti ya Rajabu ya kumalizia chuo, inayotakiwa kesho yake saa nne asubuhi.

Nikamwita Chande. Tatu alikuwa amepakua wali na maharage, akamkaribisha. Kabla hajanawa mikono, nikamwambia mbele ya wateja waliokuja kutoa fotokopi, "Umeniuzia mzoga."

"Dada Hadija, feni si inazunguka? Hebu fungua nione ulivyofunga."

"Usiguse! Mwizi mkubwa wewe."

Akaitazama ile sahani, akanitazama mimi, akavaa ndala zake akaondoka.

Nililala na hasira, Rajabu akigeukageuka chumba cha pili. Ndipo Mama akaja.

Nilikuwa bado sebuleni, bisibisi mkononi, mara sebule ikawa ua wetu wa zamani, siku ya shughuli, masufuria yanafuka moshi. Mama alikuwa mpishi wa shughuli. Hata wangefika wageni mia mbili, hakumsahau mmoja. Amejifunga kanga yake ya zambarau, ameshika upawa. Hanisalimii. Anapakua tu. Kwenye mkeka namwona feni, anacheka na kuzungusha kichwa. Karibu naye yupo diski, mzee mnene, analalamika kwamba kapewa mfupa mtupu. Sioni ajabu hata kidogo. Ni wageni wetu.

Mama anapita katikati yao kama alivyozoea kufanya kabla ya kufunika sufuria, anauliza, "Nani hajapata?"

"Wote wamepata, Mama. Husikii wanavyocheka?"

"Umewasikia wanaocheka, basi ukaona kila mtu amekula."

Ananielekeza kwa upawa. Pembeni kabisa, ubavuni mwa mgeni mkubwa kuliko wote, kimekaa kijitu kidogo, kimya, kimeshika sahani yenye vishimo vinne, vikavu. Mama anakipakulia. Papo hapo yule mgeni mkubwa, aliyekuwa amesinzia muda wote, anafumbua macho, na ua mzima unajaa mwanga. Mama anacheka kile kicheko chake cha kupiga paja. Nami nacheka mpaka namwegemea, na bega lake linanukia vitunguu vya kukaanga, na sitaki kutoka hapo.

Kisha anaweka upawa chini.

"Yuko mwingine, Hadija. Ametoka kwangu na njaa."

Nikaamka, kicheko kingali mdomoni. Kulikuwa kunapambazuka. Nikafungua kava, nikamulika tochi ya simu karibu na prosesa, ubongo wa mashine. Pale ubavuni palikuwa na soketi ndogo ya matundu manne, tupu! Waya wake nilikuwa nimeuviringa nyuma na kuufunga uzi vizuri, nikidhani ni wa ziada. Nikaufungua, nikauchomeka, nikabonyeza. Mlio mmoja mfupi, na kioo kikawaka.

Kigelegele nilichopiga kiliamsha kuku wa jirani. Rajabu akatoka mbio amejifunga shuka, Tatu nyuma yake.

"Ripoti ipo?" Rajabu akauliza, hata hathubutu kutazama.

"Ipo yote. Washa printa."

Akanibeba juujuu, mtu mzima mimi, Tatu akituzunguka kwa kucheza. "Dada, umejuaje?"

"Mama kanionyesha."

Rajabu akanishusha chini. Halafu Tatu akasema, "Mama huyu huyu? Aliyekuwa akitaka redio inyamaze anaifunika kanga?" Tukacheka tena, tukicheka na kufuta machozi, huku printa ikitoa kurasa moja moja, za moto.

Saa mbili Rajabu akaondoka na ripoti kwapani. Nikamwambia Tatu ukweli wote, kwamba kipuri hakikuwa kibovu, na kwamba Mama alimtaja mgeni wake.

"Basi mpigie simu fundi Chande," akasema.

"Nilimtukana mbele ya watu. Simu haitoshi."

Sasa saa nne inakaribia. Mashine inanguruma vizuri na wateja wameanza kuingia. Nimechinja jogoo, wali uko jikoni, nimemtuma Tatu akaangalie kama Chande amefungua kibanda. Maneno ya kumwambia nimeyapanga na kuyapangua, na kila nikiyapanga upya yanazidi kuwa mafupi. Wali unakaribia kuiva. Fundi Chande bado hajala.