Onyesho la Saa Saba

Kampuni ya sinema ilipofungua ukumbi hapa Lodwar, tayari ilikuwa na kumbi Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kitale, na sisi tukawa wa mwisho kwenye ramani yao, juu kabisa, peke yetu. Mimi nilichukuliwa kukagua tiketi mlangoni. Baadaye aliyekuwa msimamizi akapata kazi ya kaunti, nikapewa nafasi yake. Sijasoma sana, niliishia darasa la nane, na mpaka leo nikiitwa meneja huwa nageuka kuangalia nyuma kama kuna mtu mwingine.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Filamu huja na basi, ndani ya kisanduku cheusi kinachotosha kiganjani. Ukikichomeka kwenye projekta hakifunguki mpaka Nairobi watume namba. Huko Nairobi kuna kijana ambaye kazi yake ni kuchagua: hii iende Nakuru, ile iende Eldoret. Anachagua kwa kuangalia tiketi. Kila tiketi tunayokata hapa, yeye anaiona kule papo hapo. Lakini anachoona ni tiketi tu, aliyeinunua hamwoni. Sidhani hilo ni kosa lake.

Onyesho letu la kwanza la siku ni saa saba mchana. Mtu wa Lodwar hahitaji kuambiwa saa saba ni nini. Mabati yanalia, mbuzi wanabanana kwenye kivuli cha ukuta, na hata watu wa boda wanaacha kugombania abiria. Ndani ya ukumbi kuna mashine ya baridi. Basi watu walikuja. Walikuja wanawake wa samaki wakavu kutoka Lowarengak, waliokuwa wakingoja gari la Kitale. Magunia yao yalibaki kwa mlinzi, ingawa harufu iliingia nao. Walikuja makarani wa ofisi. Alikuja mzee wa Nakalale aliyekuwa ameuza mbuzi sokoni, akakataa kiti. Alijinyoosha kwenye njia katikati ya viti, kichwa juu ya ekicholong yake, kile kigoda cha mbao ambacho wazee wetu hukikalia na pia hukilalia. Sheria ya kampuni inasema njia iwe wazi. Nikamwomba asogee mbele, chini ya skrini, ambako hapiti mtu. Akasogea. Nilipopita tena kumtazama, akafungua jicho moja akaniambia hata huku baridi inafika.

Filamu waliitazama wachache. Wengine walilala, na walilala vizuri. Filamu ikiwa na bunduki na magari ya kugongana, walishtuka, wakatoka wamenuna, na kesho yake hawakurudi. Ikiwa ya polepole, watu wawili wanaongea jikoni na mvua inanyesha dirishani, ukumbi ulijaa wiki nzima. Pale kwenye dirisha la tiketi hawakuuliza filamu inahusu nini. Waliuliza kama ina kelele. Nikisema haina, wananunua.

Kule Nairobi kijana akaona maajabu. Filamu zilizokufa Nakuru na Eldoret zilikuwa zinajaza Lodwar. Akanipigia simu kunipongeza, akasema watu wa Turkana wana jicho la sinema ya kweli. Nikamwambia, ni joto, bosi. Akacheka sana, akasema kumbe na utani tunao. Nikadhani ameelewa. Wiki iliyofuata akatuma nyingine ya polepole kuliko zote, nayo ikajaa, na baada ya hapo kampuni ikaamua kwenda Kakuma.

Kakuma hawakutaka kujenga. Walitaka kuingia kwa mtu aliye na ukumbi tayari, na aliyepatikana ni mama mmoja Mkongo mwenye kibanda cha video kwenye kambi ya wakimbizi. Kijana akaja kwa ndege hadi Lodwar, tukaenda kwa gari pamoja, mimi nikiwa wa kumweleza huyo mama namna tunavyofanya kazi. Njiani aliniuliza mambo mengi na akasikiliza majibu. Naliandika hili kwa sababu ni rahisi kumcheka mtu wa Nairobi, na huyu hakuwa mtu wa kuchekwa. Alibeba mwenyewe sanduku la projekta kutoka kwenye gari.

Kibanda kilikuwa cha mabati juu na pembeni, na magunia yamening'inizwa kuzuia mwanga. Viti vilikuwa mabenchi. Umeme ulikuwa wa sola na betri, na feni ilikuwa moja, imeelekezwa kwenye betri, si kwa watu. Nje palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki: mpira, filamu za mateke, vichekesho vya kwao. Filamu ikiwa ya lugha ngeni, mama mwenyewe husimama kando ya skrini akaeleza, na watu humjibu, humkatiza, humwambia leo umeruka maneno. Alituambia kwa hicho kibanda analisha watoto wanne, na kwamba hana kingine. Alisema kama mtu anayetaja urefu wa ukuta wake.

Kijana akamsomea mkataba kwa Kiswahili, taratibu, akirudia mahali palipokuwa pagumu. Kampuni italeta projekta, viti na bango. Mama ataacha mpira na filamu zake zote, aonyeshe za kampuni tu, wiki nzima. Kinachopatikana watagawana. Akamweleza kuwa wataanza na zile filamu tulivu, kwa kuwa majirani wa Lodwar wameonyesha wanazipenda.

Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Nikaitazama ile feni.

Mama aliishika kalamu lakini hakuandika. Akaniangalia mimi.

"Dada, weye ndiye unaona watu kwa macho. Kule kwenu banapenda hizi filme?"

Kijana naye akanigeukia akitabasamu, maana jibu alikuwa analijua. Nilifikiria ukumbi wangu na mashine yake. Nilifikiria Nairobi wakisikia, labda wataizima, labda watafuta onyesho la saa saba na mshahara wa mtu mmoja uende nalo, na huyo mmoja huenda ni mimi. Halafu nikamwona mama bado ananiangalia, kalamu mkononi.

"Wengi wanalala," nikasema.

"Wanalala?" kijana akauliza.

"Wanalala. Nje ni moto, ndani kuna baridi. Isiyo na kelele ndiyo wanayoitaka, wasiamke."

Mimi nikaongeza haraka kwamba si wote, kwa sababu ni kweli si wote. Kuna mjane muuza makaa ambaye filamu moja ya mwanamke mzee na nyumba yake aliirudia kila siku mpaka ilipoondolewa, na jioni akawa anawasimulia wenzake sokoni. Huyo alitazama. Na wale wanaofumba macho, nani ajuaye wanasikia nini? Nilijiona nazunguka, nikaacha.

Kijana akasema, "Lakini wanalipa."

"Wanalipa."

"Madam, Nairobi kuna wanaolipa ili wakabusiane viti vya nyuma. Hatujawahi kuwauliza filamu ilikuwaje."

Mama akacheka mpaka akaiweka kalamu chini. Hata mimi nilicheka, na nikaona kijana ana haki upande wake: tiketi ni tiketi. Ila tiketi ya Lodwar ilikuwa ya baridi, na hapa tulipokaa baridi haikuwepo.

"Basi njo mutuletee ile baridi," mama akasema. "Filme, niko nazo."

Kijana akatoka nje kutazama paneli, akahesabu betri, akarudi akasema ile mashine ingezimaliza kabla hata filamu haijaanza. Hakujaribu kumdanganya. Angeweza kumwambia italetwa baadaye. Nimewasikia wengine wakisema hivyo kwa watu wa kambi.

"Na benye kutazama mpira bakienda kwa jirani," mama akauliza, "batoto bangu batakula hizi filme zenu?"

Nje watu walikuwa wameanza kukusanyika kwa ajili ya filamu ya jioni, na mmoja akapiga bati kwa kiganja akiuliza kama leo kuna msiba humo ndani. Mama akampigia kelele asubiri. Kisha akamgeukia kijana, akamwambia Jumatatu atampa. Baada ya Jumamosi na Jumapili watu huwa wameshachoka kupiga kelele za mpira, kwa hiyo Jumatatu kibanda huwa hakina mtu. Siku zilizobaki ni zake.

Kijana akasema mkataba hauna mahali pa Jumatatu peke yake. Mama akamwambia kalamu si iko hapo. Kijana akatoka tena, safari hii na simu, tukamwona kupitia tundu la gunia akitembea huku na huko juani akiongea Kiingereza na Nairobi kwa muda mrefu. Alirudi uso umeiva. Wamekubali, alisema, kwa majaribio. Viti havitakuja, bango litakuja dogo. Akakata maneno "wiki nzima", akaandika juu yake kwa mkono, na mama akamfanya alisome tena lile neno jipya kabla ya kutia sahihi.

Tulirudi Lodwar. Mimi nilikuwa nangoja aniambie habari ya mashine, na sikuthubutu kuuliza. Tulipokaribia mji akasema, "Hiyo ya wiki ijayo ina mlipuko mmoja. Niitume?"

"Mlipuko uko wapi?"

"Mwisho."

"Itume," nikamwambia.

Mashine haikuzimwa. Kama aliwaeleza wakubwa wake ukweli wote au nusu, sijui, na sijamuuliza.

Mama alinipigia simu baada ya Jumatatu ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kusikia lawama, maana ni sisi tuliompelekea filamu ya watu wanaoongea jikoni. Akasema waliokuja walikuwa wachache, hata mabenchi mawili hayakujaa. Alianza kuwaeleza kama kawaida yake, wakamwambia anyamaze, huyo mwanamke wa kwenye filamu anaeleweka. Baada ya filamu waligombana kama alifanya vizuri kumfungulia mumewe mlango au la, hata ikabidi mama awatoe kwa nguvu apate kufunga.

Nikamuuliza kama kuna waliolala.

"Na hii moto? Nani atalala, dada," akasema, na kabla sijajibu akaniomba nimwache, kulikuwa na mechi na watu walikuwa wanamngoja awashe.