Uzio Uliochipua

Mpaka leo naisikia: ko! Jembe la bibi likigonga mzizi wa mwanzi ndani ya udongo mweusi wa Kisondela. Siyo mlio wa jiwe, siyo wa kisiki. Ni kama mtu anabisha hodi kutokea chini.

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda kutoka Tukuyu kwenda kumsalimu mjomba. Nyuma ya jiko la marehemu bibi nikakuta miparachichi michanga imejipanga kama wanafunzi mstarini. Nilisimama pale, rafiki yangu, hata nisijue nilikuja kutafuta nini.

Zamani palikuwa na kichaka cha mianzi ya njano, alichopanda babu kabla sijazaliwa. Kilitupa fito za kuegemezea migomba yenye mikungu mizito. Lakini kila masika kilisogea, na machipukizi manene yenye vinyweleo vya kuwasha yakaingia kwenye migomba. Asubuhi, tumeshiba mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, ukungu haujaondoka, bibi anakata mimi nabeba kikapu. "Mbombo ngafu," anasema, kazi ni ngumu. Halafu anayageukia mashina makubwa, anayapapasa kama ng'ombe wake. Hapo ndipo nilipokuwa sielewi. Unapigana na mtu, kisha unambembeleza?

Mwaka mmoja tukachimba mtaro kati ya mianzi na migomba, kina cha kunifika kiunoni. Ili kingo zisiporomoke kwa mvua zetu, bibi akakata mianzi mibichi, akaichomeka safu nzima. Tulijisifu sana. Siku moja mjomba akaja, akainama, akacheka mpaka akashika magoti.

"Mama, umemwajiri mwizi amlinde mwizi mwenzake! Uzio wako una majani!"

Kweli. Kila fito ilikuwa imechipua kwenye vifundo. Bibi naye alicheka, lakini mjomba alikuwa ameacha utani. Migomba ndiyo inatulisha, alisema, kesho analeta vijana wang'oe kichaka chote.

"Alichopanda baba yako?"

"Baba mwenyewe alikuwa anakula ndizi, mama."

Bibi alifuta jembe lake taratibu. "Tung'oe uzio tu. Chipukizi moja likivuka tena mtaro, lete watu wako. Nimesema."

Tuling'oa, tukaanika fito juu ya mawe zikauke kabisa. Baada ya hapo bibi hakukanyaga tena upande wa migomba. Kila asubuhi alinituma mimi. "Nenda kaangalie," anasema, huku amenipa mgongo, anapuliza moto ambao tayari unawaka.

Alitaka nione, au nisione? Bado najiuliza. Mianzi imeondoka, migomba imeondoka, mtaro umefukiwa, na aliyekuwa anaweza kunijibu hayupo. Mjomba anasema parachichi lina soko, nami nafurahi kwa ajili yake, nafurahi kweli, ila moyo hautulii.

Ninachokijua ni asubuhi moja tu. Nyuma ya mgomba wa tatu niliona ncha inatokeza ardhini, ndogo kama kidole gumba, ina umande. Nikatazama jikoni. Moshi tu. Nikapiga magoti, nikalivunja lile chipukizi kwa mikono yangu, nikalifukia palepale, nikavutia majani makavu ya mgomba juu yake.