Samadi ya Tanurini

Kwenye kiwanda cha kuyeyusha risasi, ile metali yenye sumu ya kwenye betri, taka inayobaki madini yakishatolewa huitwa mavi. Watu wa tanuri, ambao mzaha haukuwaishia hata mbele ya moto, waliiita samadi. Fundi Joto, kama mtaa unavyomwita, alilihudumia tanuri lile miaka ishirini na sita. Kiwanda kilipodorora kikafungwa, alibaki na kikohozi, mashati ya kazi ambayo bado anayavaa, na lundo la taka ile, nyeusi na laini kama mchanga, aliyokuwa akiibeba gunia kwa gunia kuzibia matope ya uani.

Sasa mjukuu wake wa kike wa miaka minne amepimwa damu. Ina risasi mara tatu ya watoto wa jirani.

Tangu hapo Fundi Joto hamwamini mtu. Aliyashuku maji ya bomba. Akamshuku jirani anayevunja betri kuukuu, akamchungulia ukutani hadi akafukuzwa. Mpimaji wa udongo alipobisha langoni na vifuko vyake, mzee aliweka mguu kumzuia asiingie.

"Kiwanda mmeshafunga. Sasa mnataka na nyumba?"

"Nataka kijiko kimoja cha udongo, mzee wangu."

"Ndivyo mnavyoanza. Kijiko."

Mkamwana wake alitoka jikoni akijifuta mikono. "Baba, mwache aingie."

"Wewe mama huwajui hawa."

"Siwajui. Ila mtoto namjua."

Mpimaji aliuliza akiwa nje vilevile, "Mboga mnalima?"

"Tunalima, lakini zinadumaa tu," alisema mkamwana. "Kila zikidumaa naongeza samadi ya baba."

"Samadi gani?" Mzee aligeuka. "Hapa hatujawahi kufuga hata kuku."

"Ile nyeusi ya lundoni, nyuma. Nilipoolewa nilikuuliza ni nini, ukasema samadi. Tena ukacheka."

Mguu ulitoka langoni. Mzee alimtazama mpimaji kwa jicho la pembeni, kisha akatangulia hadi kwenye tuta la mboga. Mjukuu alikuwa amechuchumaa pale, anapika udongo kwenye kifuniko cha kopo.

Alimnyanyua. Akamkunjua ngumi, kidole kimoja kimoja, akaanza kumpangusa kwa shati lake. Akasita. Akalitazama lile shati la kazi ya tanurini, akaliachia.

"Leta maji," alimwambia mkamwana. "Ya bomba. Yale hayana neno."