Berger allemand au malinois? Binti yangu aliumwa na mbwa, na ndiye aliyenichagulia

Wakuu, salaam kwenu kwa mpangilio wa umri.

Kila nikipita jukwaa hili nakuta watu wanarushiana maneno kuhusu mbwa: berger allemand (German shepherd) bora, hapana, malinois bora. Leo naweka yangu mezani. Sijaongeza chumvi, na pale nilipoonekana mjinga nimepaacha palepale.

Mimi ni seremala, nakaa Nyamugari hapa Gitega. Nimezaliwa Kigoma, wazazi walikuwa wakimbizi kutoka Burundi, nikarudi nikiwa kijana. Ndiyo maana jirani zangu wanasema Kiswahili changu ni cha redioni.

Nina binti, Zuhura, miaka kumi na sita. Huyu mtoto anakimbia, wakuu. Shuleni kwao wasichana walikuwa wanagombania nafasi ya pili.

Sasa kwenye barabara ya vumbi anayofanyia mazoezi kuna mbwa watatu wasio na mwenyewe. Asubuhi moja wakamzunguka, mmoja akamng'ata mguu.

(Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, halafu kimbilia sindano ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Usianze kuuliza majirani dawa.)

Kidonda kilipona, hofu ikabaki. Akiona mbwa hata kwenye simu anageuza uso. Akaacha mbio kabisa. Siku moja nikakuta viatu vyake vya mazoezi amempa binamu yake. Hapo niliumia, sitaficha.

Mimi tayari nilikuwa nataka mbwa wa kulinda mbao zangu uani. Nikawaza, nikileta mbwa mpole labda na mtoto atazoea. Nikamwambia mke wangu.

"Baba Zuhura, mtoto ameumwa na mbwa, we unamuletea mbwa? Na malaika wataingilia wapi?"

Nikamweleza banda litakuwa nje, nyuma ya karakana, na mbwa wa ulinzi dini imemruhusu. Akasema, "Sufuria zangu asiguse." Nikachukua hiyo kama ruhusa.

Dereva mmoja wa malori ya mpakani Kobero, mteja wangu, akanielekeza kwa Mama Neema, Mkongomani wa Uvira anayefuga mbwa Muyinga. Shangazi yake Zuhura anaishi hukohuko, kwa hiyo nikaenda na binti kama safari ya kumsalimia shangazi. Kwa Mama Neema alikubali kufika kwa sharti moja: asimame karibu na lango, na lango libaki wazi.

Mama Neema alikuwa na mbwa wawili wanaofikia mwaka. Wakuu, mtu asiyejua angesema ni ndugu. Rangi ya kahawia, uso mweusi, masikio juu. Baron, berger allemand, mzito kidogo na manyoya mengi. Turbo, malinois jike, mwembamba, hatulii hata sekunde.

Mimi kwa sababu ya video za mtandaoni moyo ulikuwa kwa Turbo. Mama Neema akaniangalia toka juu mpaka chini.

"We iko na kazi gani ya kumupa huyu?"

"Atalinda mbao."

"Ile haiko kazi, ile ni kulala. Malinois ukimunyima kazi, atajitafutia yake, na hautaipenda. Mbwa itakuwa ya nani kwenye nyumba?"

Nikamtazama Zuhura pale langoni. Akamfungua Baron. Baron akatembea polepole mpaka langoni, akalala hatua chache mbele ya Zuhura na kugeukia upande mwingine, kama mtu anayekupa nafasi. Baada ya muda mrefu binti akanyoosha mkono, akamgusa mgongo.

Nikasema voilà, kazi imekwisha. Tunachukua Baron.

Wakati tunapeana mikono, Turbo akachomoka kwenye mkanda wake. Akaja mbio kama risasi kumwelekea Zuhura. Hakumgusa mtoto. Alinyakua kandambili moja ambayo Zuhura alikuwa ameivua, akatimka nayo kuzunguka uwanja.

Na Zuhura akamfukuza!

Alisahau kuogopa. Mguu mmoja peku, kitambaa cha kichwa kimeanguka, anakata kona pamoja na mbwa, anacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu aumwe. Aliporudi anahema, Turbo akaweka kandambili chini mbele yake, akasubiri itupwe tena.

"Baba," akaniambia, "nataka huyu."

Mama Neema hakukubali hapohapo. Akataka Zuhura abaki kwa shangazi wiki nzima, kila asubuhi aje akimbie na Turbo barabara ya kwenda Gashoho, yeye akiwafuata na pikipiki. Wiki ilipoisha akanipigia: "Mukuje mumutwae. Mwenye kazi amepatikana."

Msidhani ilikuwa asali moja kwa moja. Mwezi ule wa kwanza wa kukaa na Turbo, Zuhura alipata malaria, siku nne hakuna mbio. Turbo akatafuna mguu wa kitanda cha maharusi nilichokuwa nimeshakipiga vanishi. Mke wangu akauliza, "Ulileta mbwa au msumeno?" Kidogo nimrudishe Muyinga.

Binti alipopona, wakarudi barabarani. Nikawafuata na baiskeli kwa mbali. Wale mbwa watatu wakatokea. Zuhura akasimama. Turbo akapita mbele yake, akasimama kimya, hakubweka. Wale watatu wakapunguza mwendo, wakasimama, wakageuka mmoja mmoja. Zuhura akavuta pumzi, akasema "Twende," wakaondoka. Mimi nililia juu ya baiskeli, mtu mzima na ndevu zangu.

Mashindano ya shule yalipofika hapa Gitega, Zuhura alishika namba moja, wa pili akiwa mbali nyuma. Nilipogeuka kumtafuta mke wangu, nikamkuta anapiga vigelegele huku ameshika mkanda wa Turbo kwa mikono miwili. "Angekimbia aingie uwanjani," akajitetea. Jioni alinawa kama dini ilivyomfundisha, wala hakulalamika.

Funzo langu, wakuu: hawa mbwa wanafanana sura, hawafanani mahitaji. Kama nyumbani kwako hakuna mtu wa kumchosha malinois kila siku, chukua berger allemand ulale kwa amani. Baron angeniepusha na stress na kitanda kingepona. Lakini usichague kwa video, na usichague peke yako. Mpeleke yule atakayeamka na mbwa.

Wenye malinois, nyinyi mmewezaje msimu wa mvua, barabara zikiwa tope tupu? Na wafugaji wa berger allemand karibuni mnipinge, ila kwa heshima, maana Zuhura anasoma hizi comment.