Bahari Niliyoisafisha

Muziki wangu hauna ngoma wala kinanda. Nachukua sauti za mawimbi, meli na minyororo ya nanga, nazikata kwenye kompyuta, nazinyoosha, nazipanga upya. Mama aliposikiliza mara ya kwanza alivua hedifoni akaniuliza, “Huo nao muziki? Mtu atacheza kwa mguu upi?”

Hata hivyo alikubali nimfuate. Maji yakitoka kabisa alikuwa akienda na nondo yake miambani Raskazone kutafuta pweza, nami nyuma na kinasa sauti. Kabla ya kuchokoa kila tundu alisema bismillahi kwa sauti, kama anayebisha hodi kwa mtu. Akikosa, analalamika. Akipata, anaimba. Mimi nanuna tu. Nilitaka bahari peke yake, na huyu mama ananiharibia kazi!

Nyumbani Mabawa nilikaa wiki nzima nikimwondoa: bismillahi moja baada ya nyingine, vikohozi, nyimbo zake zote. Nilijiona fundi hasa. Kompyuta ilipojaa nikafuta na rekodi za awali.

Siku ya arobaini ya mama, dada yangu alinigeukia mbele ya shangazi zetu. “Wewe ndo mwenye mashine za sauti. Hebu tuwekee mama tumsikie.” Simu ya mama ilikuwa kitochi, haikuwahi kurekodi kitu. Wote wakaningoja. Nikasema nitatafuta, na huku najua nimefuta. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuwa ameshafika, ameketi nasi mkekani.

Nilitafuta kweli. Sehemu moja tu sikuwa nimeigusa: honi ya meli iliyokuwa ikiingia bandarini, ndefu na nzito. Niliipenda, nikaiacha kama ilivyo. Nakumbuka wakati ule mama alikuwa akiniita nitoke miambani, maji yanarudi. Na kweli, ukitega sikio sana, chini ya honi ile yuko mwanamke anaita. Maneno hayashikiki.

Nimejaribu kila ujanja ninaoujua. Nikipunguza honi, naye anapungua. Nikimwongeza yeye, meli inamfunika palepale. Nimelia juu ya mashine hii, sioni haya kusema.

Wiki iliyopita nilimwekea dada, maana hakuacha kuuliza. Alifumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akavua hedifoni taratibu.

“Mbona meli tu, mdogo wangu?”